Maji ya Nyumba ya Absalom

Maiti ilikuwa imelala kwenye kochi la jikoni, blanketi limevutwa hadi kifuani, soksi za sufi miguuni. Ungemtazama kwa mbali ungesema mzee kajinyoosha baada ya kushiba. Ila ndevu zake zilikuwa na barafu.

Inspekta Hedley Pardy alivua glavu moja, akainama. Mashavu ya marehemu yalikuwa mekundu, wekundu wa mtoto aliyetoka kuogeshwa maji ya moto.

"Baridi haimpi mtu rangi hii," alisema.

"Moshi wa jenereta, afande," alijibu Konstebo Rosalind Tobin. "Sumu iliyomo haina harufu, haina rangi. Unakulaza tu, ndiyo basi. Na mashine yenyewe iko hapo kibarazani. Ndani."

Walikuwa wameletwa Kisiwa cha Merrigan na helikopta, pamoja na mafundi wa umeme. Dhoruba ilikuwa imeangusha nguzo zote za upande wa mashariki, kivuko kimefungwa gatini, bahari imejaa vipande vya barafu vinavyosagana. Rubani aliwaambia kabla hajapaa: kesho upepo ukilala nawafuata, usipolala mtakula samaki wa chumvi na wenyeji.

Marehemu aliitwa Absalom Cluett. Mvuvi mstaafu, kapera, akiishi peke yake katika nyumba ya baba yake.

Kibaraza cha nyuma kilikuwa chumba kidogo cha kuvulia mabuti na kupangia kuni. Jenereta ilisimama katikati, magurudumu yake yakiwa juu ya zulia la kupangusia miguu. Tangi lilikuwa kavu. Swichi ilikuwa bado imewashwa. Maana yake mashine haikuzimwa na mtu. Ilinguruma mpaka mafuta yakaisha. Ukutani palikuwa na masizi meusi yenye umbo la feni ya mkono.

Rosalind alifungua droo ya meza. Akatoa kile kidude cheupe kinachopiga kelele moshi wa sumu ukiingia ndani. Hakikuwa na betri.

"Ziko kwenye redio," alisema, akionyesha dirishani. "Alizitoa ili asikilize habari za dhoruba. Afande, hii ni ajali. Kila mwaka tunazika watu hivihivi. Theluji inaziba mashine huko nje, mtu anaikokota ndani, anasema ni kwa saa moja tu."

Hedley alitazama chini. Alikuwa ameukanyaga waya.

Waya wa umeme ulitoka kwenye jenereta, ukapita chini ya mlango wa nje wa kibaraza, ukaingia kwenye theluji. Aliufungua mlango, akaufuata kwa kuufukua kwa buti. Ulikwenda hadi kwenye kibanda kisicho na mlango, pembeni mwa ua, ukarudi, ukapanda ukutani na kuingia jikoni kupitia ufa wa dirisha ulioshindiliwa soksi kuukuu. Ndani uliwasha friji, taa moja na hita ndogo.

"Njoo uone," alimwita Rosalind. "Kutoka mashine ilipo hadi mlango wa jikoni ni hatua mbili. Wewe ukiingiza jenereta yako ndani, waya utauzungusha nje kwenye theluji halafu urudi nao dirishani?"

Rosalind alitazama waya, akatazama dirisha. "Labda alichoka."

"Labda. Au aliyeihamisha hakuwa na haja na waya. Alikuwa na haja na moshi."

*

Aliyeiona maiti kwanza alikuwa jirani, Eli Durnford, ambaye kisiwa kizima kinamwita Mjomba Eli. Alikuwa akisubiri uani, mikono kwapani, pua inamtiririka.

"Ingia ndani tuzungumze, Mjomba."

"Humo? Hapana, mwanangu. Humo kuna baridi kuliko nje. Uliza hapahapa."

"Uliingiaje jana?"

"Kwa mlango wa nyuma, kama Mkristo. Mlango wa mbele hapa hufunguliwa jeneza likitoka. Sikuona moshi kwenye dohani tangu asubuhi, mchana nikasema hapana, Ab hawezi kuacha jiko lake life. Nikaja. Mashine nikaiona kibarazani, mlango wa jikoni uko wazi kidogo, upana wa mkono hivi. Nikaita. Nikajua."

"Ulishangaa kuiona mashine ndani?"

"Nishangae! Ab alikuwa anaiogopa hiyo mashine kama paka anavyoogopa beseni. Mwaka juzi aliniamsha usingizini anitukane kwa sababu ya kwangu iko karibu na dirisha. 'Eli, unataka ufe kifo cha kuku?' Ndivyo alivyosema."

"Nani alimfungia mashine hiyo?"

Mzee alitema mate pembeni. "Garfield Strickland. Huyo fundi. Na mimi si mtu wa kusema watu, lakini kamuulize maneno aliyomwambia Ab Jumapili, mbele ya kanisa. Watu wote walisikia."

"Wewe ulisikia nini?"

"Kwamba akitia kura ya 'ndiyo' atajuta."

Hedley alijua habari ya kura hiyo, kama kila mtu wa pwani ile. Serikali ilikuwa tayari kuwahamisha watu wa Merrigan wakaishi bara, ambako umeme hauzimiki wiki nzima na daktari haji kwa helikopta. Lakini lazima kura zitoshe. Zikitosha, kivuko hakiji tena, waya zinang'olewa, kila mtu anaiaga nyumba yake. Mara ya mwisho kura moja tu ndiyo iliyopungua. Kisiwa kilibaki kwa uzi huo mmoja.

"Absalom alikuwa upande gani?"

"Alikuwa wa kubaki. Sote tulidhani atakufa wa kubaki. Halafu umeme ukakatika Krismasi, ukakatika tena, ukakatika tena. Jumapili akatoka kanisani akasema hadharani amechoka kulea jiko na mashine usiku kucha kama watoto pacha. Mara hii anatia ndiyo." Mjomba Eli alipangusa pua. "Ndipo Gar akapandwa na hasira."

*

Waliobaki bila moto walikuwa wamehamia ukumbi wa kanisa. Humo kulikuwa na majiko mawili ya kuni, magodoro sakafuni, soksi zimeanikwa kila mahali, na wazee wanne wanacheza karata kana kwamba dhoruba ni sikukuu. Mazungumzo yote yalikuwa ya mabomba. La nani limepasuka, la nani limegeuza sebule kuwa kiwanja cha kuteleza.

Hedley alipoingia, kelele zilishuka. Macho ya watu hayakumtazama yeye. Yalitazama pembe ya mlangoni, alipokaa kijana mwenye mabega mapana, mkewe ubavuni, mtoto mchanga kalala kifuani mwa mama. Godoro lao lilikuwa mbali na majiko. Magodoro ya wenzao yalikuwa yamesogezwa, pameachwa pengo katikati kama barabara.

"Wewe ndiye Gar?"

"Wameshakwambia, kumbe."

Waliingia stoo, kati ya viti vibovu na mti wa Krismasi wa plastiki.

"Jenereta ya Absalom uliifunga wewe?"

"Mimi. Kama nilivyofunga za nusu ya hawa wanaonitazama kama mbwa mwizi."

"Uliiweka wapi?"

"Kibandani. Nje. Waya nikaupitisha dirishani, nikaushindilia soksi."

"Kibarazani hukuiweka?"

"Afande, mimi ni fundi, si mchimba kaburi."

"Jumapili ulimwambia atajuta."

Gar aliegemea viti vibovu. Halafu akasema polepole, "Nilisema. Nimenunua mashua mwaka jana. Mtoto wangu ana wiki sita. Nimekata shauri kuishi hapa, na yule mzee anataka kuniondolea ardhi chini ya miguu kwa kuwa miguu yake inapata baridi. Nilikasirika. Ndiyo, nilisema."

"Jumatatu jioni ulikuwa wapi?"

"Nilimleta mke wangu na mtoto hapa. Nikatoka na begi la vifaa, nikazunguka kuwasha mashine za watu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

"Ulifika kwa Absalom?"

"Nilipita. Mashine ilikuwa inalia vizuri kibandani. Sikuingia. Tulikuwa hatusemezani."

"Hakuna aliyekuona ukipita?"

"Katika upepo ule? Nisingejiona mwenyewe."

Hedley alimtazama mikono. Mikono mikubwa, kucha zina grisi. Ilikuwa na nguvu za kusukuma jenereta juu ya kizingiti bila kuhema. Sababu anayo, nafasi anayo, ujuzi anao. Mtu aliyefunga waya ule dirishani ndiye angeuacha hapo bila kufikiri.

"Usitoke humu ukumbini," alisema. "Kesho helikopta ikija, utakwenda na sisi."

Kijana hakupiga kelele. Aliuliza tu, "Na hawa wangu? Nani atawawashia moto?"

Walipotoka, mwanamke mmoja mnene mwenye aproni alikuwa akigawa supu ya njegere. Alikuwa na nywele za kijivu zilizofungwa kwa kitambaa, na mikono ya mtu aliyepasua samaki maisha yake yote. Alimpa Hedley bakuli kabla hajaomba.

"Kula, mwanangu. Polisi mwenye njaa hukamata mtu yeyote."

"Wewe ni Shangazi Verna? Dada wa marehemu?"

"Ndugu yangu pekee. Mimi nimeolewa huku chini karibu na kanisa, sasa mjane. Yeye akabaki pale juu kwa baba." Sauti yake ilikuwa kavu, macho makavu. "Watu wananiambia kakae, pumzika. Nikikaa nitafanya nini? Supu haijikorogi."

"Ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Jumatatu. Nilimpelekea supu, alikuwa na mafua. Nilimwacha kameza dawa ya kikohozi, anasinzia na redio yake."

"Mashine ilikuwa wapi?"

"Sijui mambo ya mashine." Aligeukia sufuria. "Muulizeni mwenye kujua."

Na kijiko chake kikubwa, bila yeye kukiamuru, kikaelekea mlangoni.

Hedley alikula supu yake amesimama. Iligawiwa kwa wazee, kwa watoto, kwa wacheza karata. Pengo lile la sakafuni hakuna bakuli lililolivuka.

*

Mchana walirudi juu kuipiga maiti picha za mwisho kabla ya kuifunga kwenye turubai. Daktari wa uchunguzi angeipasua mjini. Hedley alikwenda msalani. Alisimama pale mlangoni muda mrefu kuliko shida iliyompeleka.

"Rosalind."

"Afande?"

"Choo cha ukumbini kimekuwaje?"

"Jiwe. Barafu tupu. Kimepasuka toka jana."

"Njoo uone hiki."

Ndani ya bakuli la choo kulikuwa na maji ya waridi, laini kabisa, hayajaganda. Ilikuwa dawa ile wanayomimina watu wa nchi za baridi ili maji yasigande. Hedley alikwenda kwenye beseni la kunawia. Mabomba yote mawili, la moto na la baridi, yalikuwa yamefunguliwa hadi mwisho. Jikoni vivyo hivyo. Na kwenye tundu la sinki, rangi ileile ya waridi.

Aliviringisha zulia la jikoni. Kulikuwa na mfuniko wa mbao. Akashuka ngazi kwa tochi.

Ghala la chini lilinukia udongo na viazi. Alitafuta koki ya kumwagia maji ya nyumba, asiione. Ilimbidi afuate bomba kwa mkono, ukuta hadi ukuta, mpaka nyuma ya sanduku kubwa la viazi lililojengwa hapo kabla yeye hajazaliwa. Koki ilikuwa huko, gizani. Imefunguliwa. Chini yake maji yalikuwa yameganda sakafuni kama kioo.

Alipanda juu, akaketi kwenye ngazi ya mwisho.

"Baba yangu alifanya hivi kila mwaka tulipokwenda kambi ya kuni," alisema. "Unamwaga maji, unafungua mabomba, unatia dawa. Nyumba isiyo na moto usipoifanyia hivyo, mabomba yanapasuka na nyumba imekwisha. Sasa niambie. Absalom alikuwa na jiko linawaka. Alikuwa na hita. Mtu mwenye moto anamwaga maji ya nyumba yake?"

"Hapana," alisema Rosalind. Halafu akakunja uso. "Basi kamwaga mtu mwingine. Ambaye alijua moto utakufa."

"Au aliyekuta umekufa. Na maiti hapo kochini. Akaipita, akashuka, akaokoa mabomba, akaenda zake. Wala hakumwita mtu."

"Gar?"

"Nenda ukaulize Jumanne asubuhi alikuwa wapi. Waulize wale wanaomchukia zaidi."

Rosalind alirudi anahema, kope zina barafu. "Wote wanasema jambo moja, afande. Gar alirudi Jumatatu kabla watu hawajalala, mashine hizi zote bado zikinguruma. Mtoto alikuwa na homa. Alikaa pale mlangoni anamtembeza mpaka Mjomba Eli alipokuja kupiga mayowe Jumanne mchana. Hakutoka hata kukojoa, anasema mmoja, alitumia ndoo. Wanamsema kwa ubaya, eti alikuwa anajifichaficha. Hawajui kama wanamtoa pingu."

"Na asubuhi hiyo nani alitoka?"

"Nusu ya ukumbi. Kulisha kuku, kuchota kuni. Shangazi Verna alikwenda kwake kuchukua vitunguu. Mjomba Eli alirudi kwake. Wengi."

Hedley alifungua kabati la fyuzi ukutani. Swichi ya pampu ya kisima ilikuwa juu, imewashwa. Aliitazama, taratibu akafunga kabati bila kuigusa.

"Mafundi wanasemaje?"

"Umeme unarudi leo. Kabla jua halijazama."

"Aliyemwaga maji alisahau kitu kimoja, kwa sababu umeme haukuwepo kumkumbusha. Ukirudi, pampu itaanza kusukuma. Koki iko wazi, mabomba yako wazi. Nyumba itajaa maji, na maji yatakuwa barafu." Alivuta kiti pembeni, penye kivuli cha jiko. "Rudi ukumbini. Hii habari usimwambie mtu, hata mchungaji. Taa zikiwaka, tazama nani anakimbilia wapi."

*

Alikaa na marehemu. Nyumba ile ilikuwa imetunzwa. Vitasa vya milango vilikuwa vimesuguliwa, na ukutani kulikuwa na alama za penseli za watoto wawili wakikua, A na V, V akimpita A halafu akiachwa. Huko nje jua lilikuwa limeanza kushuka nyuma ya barafu. Hedley alitia mikono kwapani kama Mjomba Eli.

Kabati la fyuzi likavuma. Taa ya darini ikawaka.

Chini ya sakafu pampu ilikohoa, ikashika. Maji yakaanza kupiga kelele ghalani. Bomba la jikoni likatema hewa, likatema kutu, likafunguka.

Huko chini kijijini ilisikika shangwe. Bila shaka kila mtu alikuwa akikimbilia kwake.

Hakungoja sana. Mlango wa nyuma ulisukumwa, mtu akaingia anapumua kwa shida. Shangazi Verna, na aproni yake, bila koti. Theluji ilikuwa imemfika magotini. Hata hivyo alisimama kibarazani akavua mabuti yake, moja, la pili, akayapanga. Kisha akakimbia na soksi juu ya sakafu. Hakulitazama sinki linalomwagika. Hakulitazama turubai. Aliviringisha zulia kwa mkupuo mmoja, akainua mfuniko, akashuka gizani bila tochi.

Kelele ya maji ilikatika mara moja.

Alipotoa kichwa, Hedley alikuwa amesimama juu yake, mkono wake kwenye swichi ya pampu aliyokwisha kuizima.

"Mimi ilinichukua muda kuiona koki hiyo, Shangazi. Na nilikuwa na tochi."

Mwanamke alishika ngazi.

"Nimezaliwa humu," alisema.

"Najua. Ila nani kakuambia iko wazi?"

Bomba la jikoni lilidondosha tone, likanyamaza.

"Nyumba ikikaa bila moto... mtu yeyote angefikiri..."

"Mtu yeyote angekuja kufunga bomba la jikoni kwanza, maana ndilo linaloonekana. Wewe hukuligeukia. Ulijua shida iko chini. Jumanne asubuhi ulifuata vitunguu?"

"Vitunguu nilichukua."

"Baada ya hapa au kabla?"

Alipanda ngazi zilizobaki, akajipangusa mikono kwa aproni, akakaa kwenye kiti cha meza. Alikaa kama mwenye nyumba, si kama mgeni. Rosalind alikuwa ameshaingia nyuma yake na kusimama mlangoni.

"Baada," alisema Verna.

"Tueleze Jumatatu."

"Nilileta supu. Nilikuja kumbembeleza. Nikamwambia Ab, baba alizijenga kuta hizi kwa mbao za meli iliyovunjika, mama amefia chumba kile, ukitia ndiyo watang'oa waya na nyumba itaoza imesimama. Unajua alinijibuje? Alisema, 'Verna, wewe unalala kwenye nyumba ndogo yenye joto, unanituma mimi nilinde makumbusho.' Akacheka. Akameza dawa yake, akalala. Anakoroma mbele yangu."

"Ukafanya nini?"

"Nikatoka. Mashine inalia kule kibandani. Nikafikiri, inatosha kuisogeza tu. Watu watasema theluji ilikuwa inaiziba." Aliitazama mikono yake. "Ni nzito ile. Niliisukuma na kuipandisha kizingiti kama ninavyopandisha mikokoteni ya chewa. Nikafunga mlango wa nje. Wa jikoni nikauacha wazi kidogo. Waya sikuukumbuka. Mimi kweli sijui mambo ya mashine."

"Na asubuhi?"

"Nilikuja kuhakikisha. Mafuta yamekwisha, jiko limekufa, na yeye pale. Nilitaka kuondoka, mwanangu, haki ya Mungu nilikuwa nimeshashika kitasa. Halafu nikasikia baridi inaingia kwenye mbao. Ukuta unalia, tak, tak. Nikasema mabomba yatapasuka. Mikono ikafanya yenyewe. Toka nina miaka kumi hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, kushuka nyuma ya viazi, kwa sababu mimi tu ndiye niliyeenea pale."

"Ulimpita ndugu yako ukaokoa mabomba," alisema Rosalind. Sauti yake haikuwa ya polisi.

"Yeye alikuwa amekwisha," alijibu Verna. "Nyumba ilikuwa bado."

Hedley alimsomea haki zake. Alipofika mwisho alifunga kijitabu. "Na Gar? Umemwona mke wake na mtoto pale mlangoni siku mbili. Uliwagawia watu wote supu."

"Gar angetoka. Hakuna ushahidi, mngemwachia." Akainua kidevu. "Kijana mgumu yule. Anapenda hapa. Angevumilia. Nilichofanya nimefanya kwa ajili yao wote, hata yeye. Kura ya Ab haipo tena. Wakipiga mara hii, itapungua ileile moja. Kisiwa kitabaki. Nifungeni, lakini kitabaki."

*

Asubuhi upepo ulilala. Helikopta ilitua kwenye kiwanja cha shule, theluji ikapeperuka, watu wakasimama mbali wamefunika nyuso. Mjomba Eli alikuwa anayatazama mabuti yake.

Verna alitembea katikati ya polisi wawili, koti la Rosalind mabegani likificha pingu. Alikuwa wima. Alitazama dohani za nyumba, moja moja, na nyingi zilikuwa zinatoa moshi.

Gar Strickland alikuja kutoka upande wa ukumbi. Alikuwa amebeba godoro lake begani, mke nyuma na mtoto. Hedley alimnyooshea mkono.

"Nakuomba radhi. Nilikuwa karibu kukuchukua."

"Wewe ni mgeni, afande, ndiyo kazi yako." Gar aliushika mkono, akauachia. Alisema kwa sauti ya kawaida, lakini watu walikuwa wamenyamaza kiasi kwamba kila mmoja alisikia. "Hawa ndio walioniona nimekaa na mtoto mwenye homa usiku kucha. Hawa ndio niliowawashia mashine. Siku mbili hakuna aliyemletea mke wangu hata kikombe cha chai. Nilikuwa najiuliza kama naweza kuzeeka na watu hawa."

"Gar, mwanangu," alianza Mjomba Eli, "maneno ya hasira hayo..."

"Sina hasira, Mjomba. Hasira nilikuwa nayo Jumapili." Aliligeuza godoro bega la pili. "Mashua nitaiuza. Siku ya kura nitatia ndiyo."

Akaondoka na familia yake kuelekea kwao.

Watu hawakumfuata. Walisimama wakitazamana, kila mmoja akihesabu kura kimoyomoyo, na hesabu haikuwa ngumu.

Verna alikuwa ameweka mguu mmoja kwenye ngazi ya helikopta. Mguu wa pili haukupanda. Rosalind alimshika kiwiko, akadhani ameteleza, lakini hakuwa ameteleza. Alikuwa amelisikia lile 'ndiyo'. Mwanamke ambaye hakumlilia ndugu yake aliketi chini kwenye theluji, katikati ya watu wake, akalia kwa sauti.